Jeni Yangu na Shangazi wa Katana

Jumatatu, tarehe 2 Oktoba

Siku njema kabisa! Nimefikisha miaka hamsini na sita, na leo ndiyo nimejua kwamba sina hatia.

Mambo yalianza mezani. Binti yangu Aimée, ambaye anamaliza masomo ya maabara, alikuwa akirudia somo lake kwa sauti kwa sababu ana mtihani. Nilikuwa simsikilizi. Wakati wa fufu mimi hula tu. Ghafla nikasikia neno nikotini. Nikaacha kutafuna.

Kwa kifupi: ndani ya ubongo kuna vipokezi, vijilango vidogo mno. Mwili unavitumia kwa shughuli zake wenyewe. Nikotini ikifika inapita humo humo bila kubisha hodi. Vijilango hivyo vinajengwa kwa maagizo ya jeni, na jeni mtu hurithi kwa baba na mama. Sasa kuna watu ambao jeni yao moja imejenga mlango mvivu. Wengine wakivuta sana, ubongo unawaambia imetosha. Hawa wa mlango mvivu, ubongo unachelewa kuwaambia. Ndiyo maana wanavuta zaidi, na kuacha kunawawia vigumu.

Nilisimama. Nikamtangazia mke wangu Eulalie kwamba mtu huyo ndiye mimi! Miaka minane ananifukuza barazani, nikavutie nyuma ya jiko pamoja na sungura. Kumbe ni jeni! Eulalie alisema nikae, fufu inapoa. Aimée akaongeza jambo fulani kuhusu mapafu na saratani, lakini mimi nilikuwa nimeshapata nilichokitaka.

Jumanne, tarehe 3 Oktoba

Nimeazima ukurasa wa Aimée. Muhtasari kwa Kifaransa, umechapwa vizuri, jeni zina majina ya herufi na namba. Nimesoma aya ya kwanza mara tatu. Inanihusu! Aya nyingine ni ndefu, nimeziacha. Fotokopi mbili. Ya kwanza nimeibandika kwenye mlango wa jiko. Ya pili iko sokoni Nyawera, kwenye ukuta wa atelieri yangu ya kushonea, juu ya cherehani, kati ya kalenda ya parokia na picha za suti. Juu kabisa nimeandika kwa kalamu nyekundu: HAWA NDIO SISI, FAMILIA YA DONATIEN.

Nimefanya hivyo hasa kwa ajili ya Gaston. Gaston ni fundi mwenzangu, tunatenganishwa na ukuta wa mbao. Kila Jumapili baada ya misa anavuta sigara moja. Moja! Kisha anasahau kwamba sigara ipo duniani, hadi Jumapili nyingine. Miaka kumi na miwili ananihubiria kwamba ni suala la nia. Leo nimemwita nikamweleza kwamba nia hana, ana mlango mzuri tu, tena wa kurithi, hakuutolea jasho. Aliomba tu ruhusa ya kusoma ukurasa hadi mwisho. Nimemruhusu kwa moyo mweupe.

Alhamisi, tarehe 5 Oktoba

Nimemwandikia Eulalie ombi rasmi ili nirudishiwe baraza kwa sababu za kibiolojia. Amelisoma lote. Halafu amelitumia kuwashia makaa.

Simlaumu, ana mawazo mengi. Tarehe 14, Jumamosi ya wiki ijayo, familia ya Héritier inakuja kwa presentasyo, yaani kujitambulisha kwetu kabla ya mahari. Héritier anafundisha hesabu, kijana mpole, ananiita papa bila kulazimishwa. Yeye na Aimée wanapendana huu mwaka wa tatu. Siku hizi Aimée anaimba hata akiosha sufuria.

Kwao, mwenye kuchunguza ukoo wa mchumba ni shangazi wa Héritier, Mama Ghislaine wa kijiji cha Katana. Anauliza huku na huku: nani mlevi, nani mgomvi, kuna ugonjwa gani katika damu. Ni desturi, na aulize. Sisi tuko wazi, hatufichi kitu.

Jumamosi, tarehe 7 Oktoba

Balaa!

Aimée amerudi na macho mekundu. Shangazi amesikia kwamba kwetu kuna kifafa cha usiku. Kifafa, na ugonjwa wa misuli kulegea! Tena haukuwa umbea wa sokoni. Aliambiwa kwamba imeandikwa, na baba mwenyewe ndiye aliyeibandika ukutani.

Nimekimbia hadi Nyawera. Nimesoma ukurasa hadi mwisho. Ni kweli, aya ya tatu: jeni za jamii hiyo hiyo zikiwa na hitilafu nyingine, kwa watu wachache sana, huleta kifafa cha usingizini, na hitilafu nyingine tena, misuli inayochoka tangu utotoni. Na juu yake, kwa wekundu, kwa mkono wangu: hawa ndio sisi.

Mke wa Gaston ni mzaliwa wa Katana. Gaston anaapa kwamba walimwomba tu Mama Ghislaine atukumbuke katika sala. Ulimi uliponza kichwa, wanasema. Lakini ulimi ni wa Gaston, na kichwa ni changu!

Aimée hakunigombeza. Alikwenda kukaa nyuma ya jiko, karibu na sungura, mahali pangu. Nilitamani anipigie kelele. Niliumia, nakiri.

Jumatatu, tarehe 9 Oktoba

Nina mpango, na ni mzuri.

Kila Jumatatu Mama Ghislaine huleta maparachichi yake Nyawera. Anadhani misuli yetu imelegea? Basi na aione ikifanya kazi! Nimemwendea Cédric, mbeba mizigo, nikamwomba gunia lake la viazi nipite nalo mara moja tu mbele ya mama yule. Cédric alikataa, kisha akacheka, kisha akanitwisha.

Hatua kumi na mbili safi kabisa. Nilimtabasamia Mama Ghislaine kama mtu anayepita na shughuli zake. Hatua ya kumi na tatu, pumzi ikaisha. Misuli ilikuwepo! Ni pumzi iliyokataa, na magoti yakaifuata. Nilijikuta nimekaa chini mbele ya maparachichi, gunia mapajani. Nilijaribu kusalimu. Sauti haikutoka, ilitoka filimbi.

Mama Ghislaine alinipa maji. Akaniuliza, kwa upole mkubwa, kama huwa naanguka hivi mara nyingi, na kama ni usiku zaidi au mchana.

Gaston alikuja kuninyanyua. Alikuwa na huzuni ya kweli usoni, jambo lililoniudhi kuliko yote.

Jumatano, tarehe 11 Oktoba

Mgongo. Eulalie ananikanda kwa mafuta ya ngazi, yaani mawese, na maneno makali. Anasema usiku huisikia ile filimbi kifuani mwangu, na kwamba si mara ya kwanza, na kwamba anaogopa. Nimemwambia asichanganye mambo, tatizo letu ni Katana.

Habari imefika: Jumamosi watakuja, ila “kuzungumza kidogo” tu. Hawataki vinywaji. Kila mtu Bukavu anajua maana yake. Watu wanaokuja kuoa hawakatai kinywaji mlangoni. Wanakuja kuaga.

Aimée haimbi tena. Jana alirudisha sahani kama alivyopewa. Nimebandua karatasi zote mbili. Nimevuta sigara mbili kwa majuto, na ya tatu kwa kawaida.

Jumamosi, tarehe 14 Oktoba

Nitaandika kwa utaratibu.

Walifika kumi na mmoja, wamelowa mvua. Msemaji wetu ni ndugu yangu mkubwa Josué, ametoka Walungu alfajiri. Alianza na salamu ndefu, akitumaini kwamba wakati anaongea hakuna wa kukataa. Lakini hata Josué hupumua. Alipopumua, Mama Ghislaine akasimama, akafungua mkoba, akaweka mezani karatasi. Fotokopi ya fotokopi yangu, kazi ya Gaston bila shaka! Hata wekundu wangu ulikuwemo, sasa mweusi.

Nilitazama viatu vyangu. Nilikuwa nimetayarisha hotuba, lakini yote iliondoka.

Katika vikao vya namna hii msichana hasemi. Anaitwa, anaonekana, anarudi ndani. Aimée alitoka ndani bila kuitwa, akamwomba baba yake mkubwa Josué ruhusa. Josué alinitazama. Nikatikisa kichwa kukubali, nisijue ninakubali nini.

“Shangazi,” akasema, “hii karatasi iko ya masomo yangu. Hakuna mutu alishapima damu ya papa, hata siku moja.”

Akaeleza, taratibu, kama anavyorudia somo. Kwamba jeni hizo kila mtu anazo, shangazi naye anazo. Kwamba bila vipokezi vya misuli hakuna mtu pale ambaye angeweza kunyanyua glasi. Kwamba magonjwa ya aya ya tatu huwapata wachache, kwa hitilafu ambazo kwetu hakuna aliyeziona. Akamwomba Josué ataje marehemu wa ukoo wetu hadi kwa babu wa babu. Josué akawataja wote: uzee, malaria, uzee, uzazi, radi. Kifafa hakuna. Nilijivunia marehemu wetu.

Mama Ghislaine hakukaa. Aliuliza swali moja tu.

“Na papa yako, juu ya nini alianguka mbele ya maparachichi yangu?”

Aimée alinitazama. Macho yake yaliniomba msamaha kwanza.

“Juu ya sigara, shangazi. Pumuzi yake ilishaharibika. Na ile gène anasemaka ni yake, iko mingi kwa Bazungu. Kwetu Baafrika iko kidogo sana. Papa anavutaka tu juu anapenda.”

Kisha Mama Ghislaine akacheka. Akacheka hadi akashika meza, wakafuata wale kumi, akafuata Josué, na aliyecheka mwisho na kwa muda mrefu kuliko wote ni Eulalie. Shangazi alipopata sauti alisema kwamba alikuja kutafuta familia inayoficha jambo. Nyumba ambayo mtoto anasema ukweli mbele ya baba yake, na baba anabaki kitini, hiyo haifichi. Akauliza vinywaji viko wapi.

Vinywaji vilikuwepo! Eulalie alikuwa amevinunua licha ya yote, amevifunika kwa kitenge chini ya kitanda. Mahari ni Desemba. Héritier alikuwa akimtazama Aimée kama hesabu iliyotoka sawa. Mimi nililia kidogo. Nilisema ni moshi. Hakuna aliyekuwa akivuta.

Tena wamenipa kazi! Nguo za sare za upande wao zote nitashona mimi, si Gaston. Shangazi anakuja atelieri Jumatano nimpime.

Jumapili, tarehe 15 Oktoba

Nyuma ya jiko. Mvua imeisha, sungura wameshiba, Aimée anaimba tena, ziwa linaonekana kati ya mapaa. Nina furaha tele. Eulalie amenitaka niape kuacha kabla ya Desemba, nami nimeapa kwa moyo wote. Leo ni Oktoba.

Ila kuna jambo. Kwetu Waafrika iko kidogo sana, alisema Aimée. Kidogo si sifuri! Mwenye kuelewa hesabu ataona. Na kwa Wazungu iko nyingi. Sasa, nyanya yangu mzaa mama, kabla ya uhuru, alifanya kazi katika shamba la kinkina, ile miti ya dawa ya malaria, la Mbelgiji mmoja. Hili si siri, alikuwa akilisimulia mwenyewe. Na pua yangu je? Nimeipima kwa mita ya kazi, mbele ya kioo. Nyembamba! Kisha nimempima Josué akiwa usingizini. Yake si nyembamba vile, lakini yeye amefanana na baba.

Alipoamka nilimdokezea. Alinisihi nisilitamke neno hilo mbele ya mama yetu, la sivyo atashuka kutoka Walungu na fimbo. Nimezingatia kwamba hakukanusha.

Nimetafakari pia kosa langu la wiki mbili hizi, maana mtu mzima hujifunza. Nilikosea mahali pamoja tu: nilimwachia Gaston aeleze. Mambo ya sayansi hayapitishwi kwa jirani. Kwa hiyo Jumatano, Mama Ghislaine akishanyoosha mikono nimpime kifua, na hawezi kuondoka, nitamweleza mwenyewe, polepole, kuanzia kwa nyanya na Mbelgiji.