Ngazi Yangu Inayoishia Hewani

Kwa Mkuu wa Mipango Miji,
Ofisi za Jiji, Ghorofa ya Nne.

Mwanangu,

Habari za kazi? Sisi hatujambo, isipokuwa kwa sababu yako.

Mimi ni yule mwashi mzee wa ng'ambo ya barabara. Ukifungua dirisha utaiona ngazi yangu. Anayekupungia mkono kutoka juu ni mimi. Nusu ya kuta za mji huu nimezisimamisha mimi, na ile nusu nyingine ina nyufa. Kuandika nilijifunza uzeeni, darasa la watu wazima, nikawa wa kwanza. Tulikuwa wawili. Barua hii imenichukua siku tatu, kwa hiyo isome taratibu.

Kisa ni hiki. Binti yangu kitindamimba, ambaye ni nesi, amehamishiwa hospitali ya hapa. Amekuja na mumewe na mabinti wawili, na wa tatu yuko njiani. Wote wanalala sebuleni. Nikaanza kuwajengea chumba juu. Nilipomaliza kipandio cha kumi na moja, akaja mkaguzi wenu na kopo la rangi nyekundu, akapiga X ukutani. Sasa binti anasema mwezi ukiisha hakuna chumba, watapanga nje ya mji, safari ya mabasi mawili. Wajukuu wangu niwe nawaona kwenye picha? Malalamiko yangu ni haya:

1. Mkaguzi alisema ukanda wetu hauruhusiwi ghorofa. Nikamwambia nyinyi mnakaa ghorofa ya nne, na lipu ya humo nimepiga mimi. Akasema huo ni ukanda mwingine. Mwanangu, barabara hiyo naivuka kwa hatua kumi na nne. Hewa ya kwenu ina nini ambacho yetu haina?

2. Alisema pia kiwanja kimoja ni familia moja. Nikamjibu sisi ni familia moja, hata chooni tunapanga foleni moja. Akasema yeye hapimi damu, anahesabu majiko. Akayakuta mawili. Ni kweli. Mke wangu na bintiye wakipikia jiko moja, kila mmoja anatia chumvi akidhani mwenzake hajatia. Kwa sheria yenu, basi, tumekuwa familia mbili kwa ajili ya chumvi.

3. Akadai maegesho ya gari. Gari sina, sijawahi kuwa nalo, na baiskeli iliibwa. Lakini mimi ni mtiifu: nikapima, nikamwaga zege ambalo gari lolote lingeona fahari kulala juu yake. Kisha jiko la pili nikalipandisha kwenye toroli, nikaliegesha hapo. Jiko ndani ni moja, na chombo chenye gurudumu kipo. Mkaguzi alitazama, akaketi kwenye ngazi, akaomba maji. Mke wangu akampa, akamwambia pole baba, yeye amevumilia hayo miaka arobaini na sita.

4. Nikamwuliza ghorofa inahesabiwa kuanzia wapi. Akasoma karatasi yake: kuanzia usawa wa ardhi. Nilicheka! Kwa hiyo siombi kibali cha ghorofa. Naomba kibali cha udongo. Malori arobaini tu, niuinue uwanja wangu hadi kwenye lenta, pale juu ya madirisha. Nyumba ya sasa itakuwa handaki, na karatasi yenu haisemi neno kuhusu handaki. Chumba cha binti kitakaa chini, usawa wa ardhi, kama cha raia yeyote mwema. Mimi na mke wangu tutaishi gizani kwa furaha. Yeye bado sijamwambia.

5. Udongo ukimwagikia majirani, nao wainue viwanja vyao. Mwishowe jiji zima litainuka, na ofisi yako itajikuta ghorofa ya tatu. Utakuwa umeshushwa cheo bila barua. Lifikirie hilo.

Nasubiri jibu kabla ya mwisho wa mwezi. Nisalimie nyumbani kwako wote, na karani wa mapokezi anayeniambia nirudi Jumatatu. Mkaguzi mwambie alisahau kopo lake. Mlango wetu sasa ni mwekundu, umependeza.

Ndimi,
Mwashi Mkuu wa Mji (cheo nimejipa, hakuna aliyebisha).

Nyongeza: Mke wangu ameisoma barua, na ananilazimisha nikiri jambo. Kwenye jalada la mtaa wetu mna ombi la zamani la kukataza ghorofa. Dole gumba la kwanza, lile kubwa, ni langu. Shemeji yangu wa kiwanja cha pili alitaka kujenga juu, nami nikasema atatuchungulia uani. Nilizunguka nyumba kwa nyumba siku tisa, mkanikubalia. Jana shemeji amesikia habari ya malori, akacheka mpaka akashika ukuta, kisha akasema vyumba vyake viwili vya nyuma havina mtu. Binti ameshahamia kwa mjomba wake. Basi sheria iacheni, ni nzuri, na udongo sitaki tena. Ngazi tu msiibomoe. Nikikaa kipandio cha kumi na moja, naona vizuri sana uani kwa shemeji, wajukuu wakicheza.