Dakta wa Majogoo na Nyumbu

Roscoe Lattimore aliingia katika saluni ya kinyozi Lucius Grady akitaka kitu kimoja tu: kunyolewa ndevu, ili sura yake isifanane tena na ile waliyokuwa wakiitafuta watu wa mji aliotoka. Alikuwa njiani kwenda Memphis. Dorsey Springs, Mississippi, kwake ulikuwa mji wa kujaza mafuta na kula samaki wa kukaanga, basi.

Lakini ilikuwa wiki ya mechi. Na wiki ya mechi, mji wetu, uliokaa katikati kabisa ya vyuo viwili, Whitlow na Tarver, huwa hauna akili hata ya kuazima. Harusi huahirishwa. Mazishi hufupishwa. Majogoo wa Whitlow na Nyumbu wa Tarver wamekuwa wakigonganisha helmeti katika mpira wa Kimarekani tangu enzi za babu zetu, na mtoto akizaliwa hapa huchaguliwa timu kabla ya kuchaguliwa jina.

"Jumamosi jogoo anaingia sufuriani!" alifoka mteja mmoja aliyekuwa akingoja zamu.

"Amina," alisema Grady, ambaye ni Nyumbu wa damu, "lakini roho inanidunda. Mwaka jana nilishindwa kula kutwa nzima. Jamani, ningejua tu mapema nani anashinda, ningelala usingizi."

Mtu wa kawaida angesikia kinyozi akilalamika. Roscoe alisikia mlango wa benki ukifunguliwa. Akakohoa.

"Mimi sisemi kitu."

Wembe ukasimama shingoni mwake. "Kwani nani kakuuliza?"

"Ndiyo maana sisemi. Niliapa."

"Uliapa kwa nani?"

"Kwa kocha." Roscoe akashusha pumzi kama mtu aliyebeba gunia. "Ninyoe, kaka, nijiendee zangu. Nimesharopoka."

Hakuna aliyemruhusu kuondoka. Walimbembeleza, wakamletea kahawa, wakafunga mlango. Mwishowe, kwa uchungu mkubwa, Roscoe akakubali kuwa yeye ni Dakta Lattimore, mtaalamu wa sayansi ya mechi, na kwamba timu kubwa kubwa humwita kimyakimya kuzipima kabla hazijaingia uwanjani.

Ukweli ni kwamba Roscoe hakuujua mpira hata kidogo. Alijua una ncha mbili na watu huuangukia. Lakini alipanga vizibo vya soda juu ya kaunta, akavisogeza polepole, akakunja uso.

"Mnamwona huyu? Beki wa Whitlow. Ana kisigino cha kushoto chenye wasiwasi."

"Kisigino chenye wasiwasi," Grady alirudia kwa sauti ya chini, kama aliye kanisani.

"Nyumbu wanashinda. Kwa pointi kumi. Lakini neno lisitoke humu! Likiwafikia Majogoo, watabadilisha mpango, na utabiri utaharibika mikononi mwenu."

Mchango wa kumshukuru Dakta ukapita kwenye kofia. Kofia ilirudi nzito.

Saa hiyohiyo Roscoe akavuka reli hadi ukumbi wa kanisa la Mlima Nebo, ambako Shemasi Otis Pettway na Majogoo wenzake walikuwa wakikaanga samaki na kutetemeka. Huko akapanga vizibo vilevile, akagundua goti la Nyumbu lenye kinyongo, akatabiri Majogoo kwa pointi kumi, akawaapisha wasiseme. Haki yake tumpe: nusu ya alichouza mjini ilikuwa kweli tupu, na watabiri wa hali ya hewa hawajafika hapo.

Kufikia Ijumaa alikuwa na bahasha mbili nono na gari lililojaa mafuta. Mpango ulikuwa rahisi. Jumamosi mji wote ukiwa uwanjani, yeye angekuwa Memphis, na watakaolia wangelia peke yao.

Hapo ndipo Mama Earline alipomwita kutoka kwenye baraza ya nyumba ya wageni alikofikia Roscoe. Alikuwa mwanamke wa makamo yaliyopitiliza, kofia ya zambarau pana kama sinia, mkoba mapajani, na mbele yake bakuli la pichi zilizookwa kwa unga na sukari.

"Wewe ndiye Dakta wanayemsema, mwanangu? Kaa, ule. Nina jambo linanikaba, sina wa kumwambia."

Roscoe akakaa, akala.

"Mrusha mpira wa Tarver," alisema Mama Earline, machozi yakimlenga, "ni mjukuu wangu. Kifundo cha mkono kimemvimba kama embe. Kocha anaficha. Kesho atamwingiza vivyo hivyo, na mtoto hawezi hata kushika kijiko. Sasa nisali tu, au nimwambie mtu?"

Kijiko cha Roscoe kikabaki hewani. Maisha yake yote alikuwa muuzaji wa uongo, na sasa mtu anamkabidhi ukweli, bure, ukiwa na sukari juu. Ulimpanda kichwani kama pombe kali.

"Usimwambie mtu, Mama," alisema kwa upole. "Sali tu."

"Nitasali. Kinachoniuma ni shemeji yangu Fontaine, wa Jackson. Ana kichwa kigumu! Anaapa Nyumbu watashinda, anatafuta mtu wa kuwekeana dau, dau kubwa. Nami siwezi kumwonya bila kumsaliti mtoto."

"Basi huyo shemeji," alisema Roscoe, akijifuta mdomo, "hebu nikutanishe naye."

Memphis ikasahaulika.

Asubuhi ya Jumamosi, kwenye maegesho ya uwanja, katikati ya moshi wa mbavu za nguruwe na ngoma za bendi zilizokuwa zikijipasha moto, Bwana Fontaine alitokea na suti nyeupe, akacheka utabiri wa Roscoe, na kutia bahasha nene katika mkoba wa Mama Earline. Roscoe akatia zake mbili.

"Basi?" Fontaine aliuliza. "Dakta mzima unaniletea hela za sadaka?"

Roscoe alikasirika. Akatoa funguo za gari, akazitia juu ya bahasha. Nani mwingine wa kushika dau, kama si mama mzee mwenye kofia ya kanisani? Wakapeana mikono, Fontaine akaenda upande wa Tarver, na Roscoe akakaa pembeni mwa Mama Earline kwenye viti vya Whitlow, akamnunulia njugu.

Jambo la ajabu likampata. Mechi ilipoanza aliona moyo wake ukienda mbio. Mrusha mpira wa Tarver alirusha vizuri mno kwa mtu mwenye embe mkononi. Akafunga. Akafunga tena.

"Mama, ule mkono mbona kama mzima?"

"Ni dawa za maumivu, mwanangu. Zitaisha nguvu."

Kilipofika kipindi cha mapumziko, bendi zikaingia, tarumbeta zikielekezwa mbinguni, na Mama Earline akainuka.

"Koo limenikauka. Nikuletee maji ya limau baridi?"

"Niletee, Mama."

Laiti Roscoe angekuwa mtu wa kwetu. Kwetu mtu huenda msalani mechi ikiendelea, hata mpira ukiwa hewani, lakini hakuna mama aliyezaliwa Dorsey Springs anayeinuka bendi zikiwa uwanjani. Roscoe hakujua. Alikuwa akiwaza kifundo cha mkono.

Kipindi cha pili, dawa zikaisha nguvu kweli, au labda Nyumbu walichoka tu. Majogoo walikaribia, wakakaribia tena, na dakika zikiyoyoma mpigaji wao akaupiga mpira kwa mguu, ukapaa, ukagonga mlingoti, ukaangukia ndani. Majogoo ishirini na nne, Nyumbu ishirini na tatu. Roscoe aliruka, akamkumbatia mtu asiyemjua, akalia machozi halisi. Nafikiri ndiyo machozi ya kwanza aliyowahi kuyatoa bila kuyauza.

"Mama, tumeshinda!"

Kiti kilikuwa na maganda ya njugu tu. Upande wa Tarver hapakuwa na suti nyeupe. Akakimbia maegeshoni. Pale lilipokuwa gari lake, jamaa walikuwa wamekwisha kuweka jiko la mkaa.

Shemasi Pettway akamkuta hapo, akamkamata mkono na kuuinua juu. "Nabii huyu hapa! Umekosea pointi tisa tu!"

"Pointi tisa?" Ilikuwa sauti ya Grady, aliyefika na Nyumbu kadhaa wenye macho mekundu. "Mimi aliniambia tunashinda kumi. Kisigino cha wasiwasi!"

"Kisigino?" Shemasi akauachia mkono. "Sisi alituambia goti."

Wakatazamana. Kwa mara ya kwanza tangu babu zetu, Jogoo na Nyumbu walielewana bila kusema.

"Ndugu zangu," alisema Roscoe, jasho likimtiririka, "hayo tutayazungumza. Nimeibiwa! Shemasi, yule Mama Earline wa kofia ya zambarau, anakaa wapi?"

"Mama Earline? Si mama yako?"

"Mama yangu?"

"Alipita ukumbini jana jioni. Akasema mwanawe Dakta ana haya, hawezi kujidai, ila utabiri wa mwakani ameshaufanya, na anayeutaka alipe mapema. Tukalipa sote."

"Na saluni alipita," alisema Grady. "Akalia kidogo. Tukamwongezea."

Roscoe alikaa chini juu ya boksi la barafu. Mji mzima ulimzunguka, manyoya mekundu ya Majogoo na masikio ya kadibodi ya Nyumbu bega kwa bega, na kila mmoja alikuwa na risiti isiyoandikwa.

"Haya, Dakta," alisema Grady, akivuta kiti karibu. "Gari huna, kwa hiyo haraka huna. Mwakani nani anashinda?"

Roscoe alifungua mdomo. Akatafuta kisigino, akatafuta goti, hakupata hata kidole.

"Sijui," alisema, na lilikuwa neno la kweli kuliko yote aliyowahi kutuambia.

"Hilo," alisema Shemasi Pettway, akikunja mikono ya shati, "hatukulilipia."