Masahihisho Ninayoomba Kuhusu "Hapana" ya Kwanza

Bemidji, Minnesota

Kwa Muuguzi Gudrun Aasen, mwandishi wa safu ya afya ya wapenzi

Mheshimiwa Dada Muuguzi,

Mimi ni Ardell Sundquist, miaka hamsini na sita. Mume wangu ni Loren. Tumeishi pamoja miaka kumi na tisa bila kugombana, maana watu wa Minnesota hatugombani, tunanuna tu. Kwa heshima zote nakujulisha kwamba makala yako, "Mlango wa Nyuma Bila Maumivu", imenivurugia nyumba.

1. Ulisema kilainishi kingi. Nilikwenda kununua chupa kubwa. Muuza duka, ambaye ndiye kiongozi wa kwaya yetu, akauliza kwa sauti kubwa iwapo ni ya bawaba za mlango. Nikasema ndiyo, mlango wa nyuma. Tangu hapo kila Jumapili ananiuliza kama mlango bado unalia.

2. Ulikataza dawa ya ganzi, eti maumivu ndiyo kengele ya mwili. Sawa. Ukasema taratibu, vidole kwanza, kucha fupi. Loren hupiga gitaa kanisani, na kucha zake alizifuga miaka. Amezikata zote. Sasa anapiga kama amevaa glovu, na waumini wanamwombea.

3. Hili ndilo kubwa. Uliandika kwamba hapana moja inatosha, mtu aache papo hapo. Dada, wewe ulilelewa wapi? Kwetu ukikaribishwa kahawa unakataa mara mbili, ya tatu unapokea. Basi Loren aliponiuliza, "Ardell, uko tayari?" nikajibu kiungwana, "Aa, usijisumbue." Akavaa soksi, akaenda kupasha viazi! Nikangoja aulize tena. Akala viazi. Jumamosi sita sasa, jibu langu lile lile, viazi vile vile. Nimeanza kuogopa kwamba hanitaki tena, na inaniuma.

4. Nilitandika taulo jipya kitandani, jekundu. Akasema, "Taulo zuri hilo. Unakwenda kuogelea?"

Kwa hiyo naomba uchapishe masahihisho: ndani ya jimbo hili, hapana mbili za mwanzo ni adabu tu na zisihesabiwe. Ikiwezekana bunge lipitishe sheria.

Nisalimie mhariri, wachapaji, na mama yako kama bado anaoka mikate.

Wako mwenye subira iliyokwisha,
Ardell Sundquist

N.B. Loren ameisoma barua hii kabla sijaifunga. Akaketi. Akasema, "Mpenzi, kahawa nitakumiminia hata ukikataa. Mwili wako siumiminii kitu kwa kubahatisha." Kisha akauliza, mara moja tu. Nikasema ndiyo, ya kwanza kabisa, uso ukiniwaka. Katikati nikasema, "Ngoja," akangoja, tukacheka, nikamwambia aendelee. Tafadhali usichapishe masahihisho yoyote. Haya nayaandika nikiwa kwenye kiti cha mbao, bila mto.