Kadi Mia Mbili za Milango Miwili

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Nimepewa kazi! Mtoto wa kaka yangu anaolewa mwezi ujao, na amesema mbele ya wote kwamba kadi za mwaliko atazitengeneza shangazi yake. Mimi. Kwa mkono. Wifi yangu, yaani mama yake, akakohoa kile kikohozi chake kisicho na mafua. Akauliza kwa upole kama watu wamesahau mapazia. Hawajasahau. Niliyashona mwaka juzi, yakaishia katikati ya dirisha, na tangu siku hiyo katika familia hii sikabidhiwi hata sahani za kupanga.

Binti akashikilia. Alisema shangazi ndiye aliyemfundisha kushika mkasi. Nilitaka kulia, nikajikaza. Masharti ya wifi: kadi mia mbili ziwe mezani Ijumaa saa sita mchana, maana Jumamosi mama wa bwana harusi anakuja kuchukua za upande wao. Zisipokuwepo, kazi inakwenda kwa mchapaji wa mtaa wa pili.

Jumanne, tarehe 4

Wazo limenijia nikipiga mswaki. Kadi yenye milango miwili! Kila mlango umebandikwa mtu wa karatasi: bibi harusi kushoto, bwana harusi kulia, wameshikana mikono pale milango inapokutana. Mgeni anafungua, anakuta maneno ndani. Mchapaji hawezi kitu kama hicho hata azaliwe upya.

Hata hivyo, adui lazima achunguzwe. Nikavaa miwani ya jua na mtandio wa jirani, nikaenda dukani kwake kama mteja wa kalenda. Akanipa kiti. Akaniuliza shangazi wa bibi harusi anaendeleaje na kadi zake. Kumbe wifi ameshampelekea maneno ya mwaliko, na yeye ameshayapanga, anangoja tu kuambiwa awashe mashine. Nikanunua kalenda kwa aibu. Nimefika nyumbani ndipo nikaona ni ya mwaka jana.

Jumatano, tarehe 5

Nimekata wanandoa tangu asubuhi. Mabwana harusi mia mbili. Mabibi harusi mia mbili na wanane, kwa kuwa wanane wa kwanza walitoka na vichwa vidogo. Vidole vimevimba. Gundi nimepika mwenyewe, ya unga wa ngano, maana ya dukani inaniumiza kichwa.

Binti alipitia hapa akitoka kazini, akataka kusaidia. Nikamfukuza. Nilimwambia bibi harusi haoni kadi kabla ya wakati. Ukweli ni kwamba nilitaka sifa ziwe zangu peke yangu.

Alhamisi, tarehe 6

Zimekwisha, tena siku moja kabla! Nikamwita wifi aje aone. Nikamchemshia chai, nikasimama pembeni nikijitia hamnazo.

Alichukua kadi, akaitazama, na nilimwona kabisa uso unalegea. Kisha akafungua. Akafunga. Akafungua tena. Akaniuliza taratibu kama nimeona kuwa milango ikifunguliwa maharusi wanatengana, mmoja huku, mwingine kule, katikati yao patupu na anwani ya ukumbi chini.

Nikamwambia wanawapisha wageni.

Wifi akasema wageni ni mia mbili, na kila mmoja atawatenganisha watoto wetu kwa mikono yake mwenyewe, akianza mama mkwe. Hakunicheka, na hilo ndilo lililonikata maini. Alisema kesho asubuhi anakwenda kwa mchapaji. Alipoondoka nilikaa sakafuni katikati ya karatasi nikalia. Si kwa sababu ya wifi. Yule mtoto alinisimamia mbele ya watu wote, na nimemwangusha.

Ijumaa, tarehe 7

Binti alifika saa mbili asubuhi, ameomba ruhusa kazini. Nilikuwa nimeandaa sababu nne za kujitetea. Hakungoja hata moja. Alifungua kadi, akacheka mpaka naye akakaa sakafuni, kisha akaniuliza, "Kwani shangazi, umewafungia nje? Si uwaingize ndani."

Basi tukawaingiza. Tunawabandua milangoni, tunawabandika pale katikati palipokuwa patupu, ili mgeni akifungua awakute wamesimama pamoja. Gundi ya unga ikipata mvuke wa birika inaachia mara moja. Nilijua tangu mwanzo kuwa itafaa.

Saa nne wifi akatokea, mkoba begani, safari ya kwa mchapaji. Akasimama akitutazama. Akauliza madoa ya gundi yaliyobaki kwenye milango tutayafanyaje. Hatukuwa tumeyafikiria. Wifi akavua viatu, akaketi, akaanza kukata maua madogo ya karatasi ya kuyafunika. Anakata vizuri kuliko mimi. Sikumwambia. Saa sita kasoro dakika kumi kadi mia mbili zilikuwa mezani, sisi watatu tumelowa mvuke, na wifi alikuwa amenichekea mara mbili.

Jumamosi, tarehe 8

Mama wa bwana harusi alifungua kadi akaweka mkono kifuani. Akafunga, akafungua tena, kama mtoto. Alisema hajapata kuona kadi kama hii. Binti alinishika mkono chini ya meza, akaubana. Niko radhi kukata wanandoa mwaka mzima kwa ajili ya mkono ule.

Mgeni akauliza wazo ni la nani. Nikasema ni langu. Wifi akatazama dari.

Papo hapo mgeni akaniomba nimtengenezee na za binti yake mdogo, anayeolewa mwezi wa saba. Nilikubali kabla hajamaliza kusema. Wifi na binti wamejitolea kunisaidia. Nimewakatalia kwa adabu, watanivurugia tu. Wazo ninalo tayari, na safari hii halina kasoro: bahasha isiyo na mlango hata mmoja. Juu yake naweka picha ya maharusi wamekumbatiana, kubwa, kutoka ukingo hadi ukingo. Mgeni akitaka kuona kilichomo, anachana tu hapo katikati.