Umbea wa Gotini

Jumatatu, 4 Machi

…basi hilo goti, nilipoishia, limevimba kama limemeza ngumi. Na cherehani zetu ni za kukanyaga! Na Ijumaa Tajiri, mwenye duka, anakabidhi mkasi mkubwa. Dukani kwetu mwenye mkasi mkubwa ndiye hukata vitambaa vya wateja, wengine tunashona tu alichokata. Tunaoutaka ni wawili: mimi na wifi, mke wa kaka yangu. Wifi keshatangaza duka zima kwamba goti langu ni la kuzikwa. Mdomo ule! Mimi huwa nasimulia tu, sisengenyi.

Nikaenda kwa muuza dawa. Mtu wa maelezo huyo! Eti kila chembe ya mwili ina utando wa mafuta. Chembe ikiumia, inakata kipande cha utando wake wenyewe, inakigeuza vijumbe. Kama kukata leso kwenye pindo la gauni lako! Vijumbe vinapiga kelele: hapa paume, hapa pavimbe. Vinasema na majirani tu, kisha vinakufa. Nikacheka. Kumbe hata mwilini kuna umbea, tena wa mtaa mmoja!

Akanipa vidonge vya kuushika huo mkono unaokata utando. Kimoja, baada ya chakula. Akasema vijumbe vingine hulinda tumbo, vingine hugandisha damu, navyo… Sikungoja amalize. Foleni ilikuwa ndefu nyuma yangu, na mimi nina adabu.

Jumatano, 6 Machi

Kimoja, kwa mwili huu? Nimemeza vitatu. Bila chakula, visichelewe njiani. Goti kimya! Nimepitapita mbele ya wifi bila sababu. Akaniuliza, wifi vipi, umeazima mguu? Nikamwambia wivu nao huvimba.

Mchana tumbo likawaka moto. Nikajikunja juu ya cherehani. Tajiri akasifu nilivyozama kazini. Nikajikunja zaidi.

Ijumaa, 8 Machi

Vinne leo. Siku ya mkasi! Napinda gauni la bibi harusi, jeupe pe, sindano ikanidunga kidole. Jambo la kila siku hilo, unanyonya kidole unaendelea. Leo wapi! Tone. Tone lingine. Kumbe na vile vijumbe vya kugandisha damu nimeviziba midomo! Gauni likaota maua mekundu.

Wifi ndiye aliyelinyakua, akalisugua kwa maji baridi na sabuni. Akanifunga kidole kwa utepe wa satini. Akaninong'oneza, wifi yangu, utakufa huku unajidai. Doa likatoka. Mkasi ukaenda kwake. Wala hakunicheka. Hilo ndilo limeniuma, na halina kidonge.

Jumamosi, 9 Machi

Muuza dawa kanifokea. Vidonge marufuku, niende kwa daktari. Nikaapa: nimekoma, sirudii tena!

Natoka mlangoni, nikamsikia akimwambia mteja mwingine kwamba ukila mafuta ya samaki, mwili hutengeneza vijumbe vipole kidogo. Nikarudi mbio, nikanunua chupa. Kijiko kimoja kwa siku, kasema. Kijiko, kwa goti hili? Nimepiga nusu chupa hapa hapa kwenye cherehani. Nusu nyingine nimeificha ndani ya bunda la hariri, wifi asiige. Kifuniko sikumbuki nimekiweka wapi. Goti likipona tu, Tajiri atajuta, mkasi utarudi kwa mwenyewe…

Wifi ananiita. Anasema niache kuandika, nije upesi, eti hariri ya mteja inanuka sa—