Mbuzi wa Kurudisha Imani

Jumatatu, 3 Machi 2025

Ukungu umefunika shamba la viazi. Nimelala juu ya magunia nikiota macho wazi: mimi, mwenyekiti wa Nyumba Kumi, kamati ya usalama ya kijiji, natembea na askari barabarani, watu wananisalimia mara mbili mbili. Uchaguzi ni Jumamosi, kwenye baraza la chifu. Mpinzani ni Muthamia, fundi wa baiskeli, mdomo mtupu. Shida moja: hapa hakuna anayewaamini polisi. Ukiibiwa, kwanza wanakuomba pesa ya mafuta ya gari. Atakayerudisha imani hiyo atapata kura zote. Najua jinsi.

Jumanne, 4 Machi

Alfajiri nimempeleka mbuzi wangu kijiji cha Ruiri, nikamfunga zizini kwa baba mkwe, Mzee Riungu. Hakuna aliyeniona. Mke wangu Makandi hajui lolote. Kisha kituoni, kuripoti wizi. Alhamisi nitajifanya nimepata fununu, nimwongoze askari hadi kwa mbuzi, kijiji kishangilie. Aliyeandika ripoti ni Konstebo Ruguru, mgeni kutoka Embu. Hakuomba mafuta. Aliuliza alama za mbuzi, akaandika hata sikio lililokatika. Niliondoka haraka kabla hajauliza zaidi. Lakini njiani jua lilitoka, nikajiona tena nikipigiwa makofi.

Alhamisi, 6 Machi

Hakuningoja. Aliuliza boma kwa boma, akampata mbuzi jana. Leo ametuita Ruiri. Mzee Riungu akasema huyo si wa wizi, ni mahari. Mkwe wake, yaani mimi, alichelewa miaka sita, sasa ameleta kimyakimya kwa sababu ya haya. Wazee wakakubali: mbuzi akishaingia zizi la wakwe, harudi. Mila hiyo niliisahau kabisa! Sikuthubutu kusema nilimficha mwenyewe, nisije nikafungwa kwa ripoti ya uongo. Ruguru akanionya mbele ya watu nisiripoti tena wizi usiokuwepo. Makandi amefurahi, amenipikia mukimo wa viazi na mahindi. Nimekula kwa uchungu.

Jumamosi, 8 Machi

Baraza lilijaa. Mama Joyline, aliyeapa kutokanyaga kituoni tangu mwanawe apigwe na polisi, alikuwa wa kwanza kumwendea Ruguru, kuripoti pampu yake iliyoibwa. Wengine wakapanga foleni. Imani imerudi kweli. Muthamia amepata kura sitini na moja. Mimi moja, na Makandi anasema si yake. Imeniuma sana.

Jioni nimewaza, nikaona nilipokosea. Dada yangu ameolewa Karurumo, kule Embu, na huko wao ndio hawajamaliza mahari yetu. Ng'ombe akifichwa kule, nani atamwita mahari? Nikiripoti wizi, Muthamia akashindwa kumpata, watamwondoa uenyekiti. Kwa miguu ni siku nne. Kesho tunaondoka, mimi na ng'ombe.