Nchi ya Mwisho ya Bwana Ng'ambo

Jumatatu, 3 Machi

Nimeficha jambo kwa miaka arobaini na mmoja, na sasa moyo umechoka kulibeba pamoja na damu. Sijawahi kufundisha ng'ambo. Hata siku moja. Sijavuka mpaka wowote isipokuwa ule wa shamba la jirani, na hapo nilifukuzwa.

Mtaa mzima unaniita Bwana Ng'ambo. Marehemu mke wangu aliolewa na mtu aliyerudi kutoka ng'ambo. Binti yangu, fundi anayeshona sare za shule kwenye chumba cha mbele, huwaambia wateja kwamba vipimo vyake havikosei kwa sababu baba yake aliishi na watu wanaojali wakati. Sijui vipimo na wakati vinahusianaje. Sijamuuliza.

Ukweli ni huu. Niliteuliwa kweli kwenda kufundisha Kiingereza. Walimu wenzangu wakaniaga kwa hotuba, wakaninunulia koti zito na sanduku. Siku nne baadaye ikaja barua: nafasi imefutwa. Ningerudi vipi shuleni na koti lile? Nikapanda basi hadi mji wa mbali, nikakaa miezi kumi na mmoja kwenye kiwanda cha uchapaji nikisahihisha maandishi ya pakiti za mbegu. Nikarudi. Watu wakauliza ng'ambo kukoje. Nikasema baridi.

Hayo yote ningekufa nayo kwa amani. Lakini leo ametokea Jiografia.

Huyu ni mwalimu mstaafu wa somo hilo, mwenzangu tangu ujana, na katibu wa Chama cha Walimu Wastaafu. Chama kina utaratibu wake. Mwanachama akianza kudhoofika, katibu humwandikia wasifu mapema, humsomea akiwa hai, naye hutia saini kwamba yote ni kweli. Utaratibu ulianza baada ya mazishi ya mwalimu wa Hesabu. Ilisomwa idadi ya watoto, na mjane akasimama kuuliza wa sita ni wa nani.

Daktari amenipa mwaka mmoja, nikiwa na bahati. Jiografia amesikia. Amekuja na kalamu mbili. Amesema pole sana, ndugu yangu. Halafu akauliza mji niliofundisha ulikuwa mita ngapi juu ya usawa wa bahari.

Nimesema nimechoka. Amesema hakuna haraka, kisha akanitazama na kusema haraka ipo kidogo. Atarudi wiki ijayo.

Siwezi kutia saini uongo utakaosomwa juu ya jeneza langu. Kwa uongo wa mdomo nina uzoefu. Wa saini, hapana.

Jumanne, 4 Machi

Wazo limenijia nikinywa chai. Wasifu si lazima utaje mwaka. "Alifundisha Kiingereza ng'ambo." Sentensi safi. Nikienda sasa, mwaka huu wa mwisho, itakuwa kweli tupu. Ninachohitaji ni nchi.

Vigezo vyangu: choo kiwe ndani, ngazi zisizidi tano, na wanafunzi wasiwe watu wa mbio. Majina ya nchi sitayaandika humu. Binti yangu husoma kila karatasi anayoikuta imelala.

Nimemwambia naenda kliniki. Nimekwenda kwa wakala wa ajira za nje. Mama mmoja, ofisi yake iko juu ya duka la magodoro. Ngazi ishirini na mbili. Nimepumzika kila baada ya nne. Muuza magodoro aliniwekea moja nikae, akaanza kunisifia ugumu wake.

Wakala aliuliza mwombaji yuko wapi. Nikasema ndiye mimi. Alinitazama, akazitazama ngazi, akasema makubwa haya.

Nchi ya kwanza: mwisho miaka sitini. Nina sabini na tisa. Nchi ya pili: sitini na mitano, na mwombaji apende michezo ya theluji. Nchi ya tatu haijali umri, ila shule iko mlimani, saa tatu kwa miguu. Nikauliza kushuka je. Wakala akasema kushuka ni rahisi, wengi huteleza.

Nimerudi nimeloa jasho. Binti akasema kliniki ya leo imeninyanyasa.

Alhamisi, 6 Machi

Wakala amepiga simu. Nchi ya nne, ya visiwa. Umri si tatizo. Swali moja tu: nimewahi kufundisha nje?

Mdomo ulijibu kabla yangu. Ndiyo, mwaka mmoja. Umezoea.

Wakala akafurahi sana. Basi nilete barua ya mkuu wa shule ile.

Kikombe kiliniponyoka. Binti akaja mbio akidhani ni moyo. Nikasema ni kikombe. Akasema afadhali, halafu akaona ni kile cha seti ya mama yake.

Mchana nimechapa barua mwenyewe. Nimejiita mkuu wa shule, nimejisifu kwa kiasi. Nakala mbili. Moja nikaisoma kwa kalamu nyekundu mkononi, mazoea ya miaka thelathini na minane. Mteja wa binti yangu aliyekuja kuchukua sare za wanawe aliondoka na bahasha, kwa kuwa anapita karibu na duka la magodoro.

Ijumaa, 7 Machi

Bahasha ilibeba nakala isiyo yake.

Wakala anasema amefanya kazi hii miaka kumi na hajawahi kuona barua ya mkuu wa shule iliyopewa maksi. Kumi na tatu kwa ishirini. Pembeni nimeandika: "Sifa nyingi, ushahidi hakuna."

Bila kuniuliza, alikuwa ameshaituma visiwani kama ilivyo. Wamejibu siku hiyohiyo. Wanakubaliana na maksi.

Jumatatu, 10 Machi

Nimekaa siku mbili kitandani nikiutazama ukuta. Leo wakala kapiga tena. Kumbe ni mbishi. Ananiita baba sasa.

Nchi ya tano. Tambarare kama meza. Shule ya chini, hakuna ngazi hata moja. Wanataka hasa walimu wastaafu wa somo lolote wanaomudu Kiingereza, hadi miaka themanini, kwa mwaka mmoja. Zahanati iko mlango wa pili. Nilimwomba arudie kuhusu zahanati.

Sharti moja. Mpango ni kwa wale ambao hawajawahi kufundisha nje ya nchi zao. Mwombaji atatamka hivyo kwa maandishi, na mwalimu mwenzake aliyemfahamu miaka isiyopungua thelathini atathibitisha kwa saini. Mwisho Ijumaa hii.

Mara ya kwanza tangu nizaliwe naombwa ukweli, nami ninao.

Wakala akakumbusha kwamba Alhamisi nilisema nimewahi. Nikasema nilitia chumvi. Akacheka hadi akakohoa. Anasema wateja wake wote hutia chumvi, ila hajapata aliyetia chumvi kisha akajisahihishia kwa wino mwekundu.

Kwake kukiri hakukuuma. Ni mgeni.

Sasa saini. Nimewahesabu wenzangu. Wa Historia amekufa. Wa Sayansi amekufa. Wa Hesabu tumeshamzungumzia. Amebaki mmoja tu duniani, naye ana kalamu mbili.

Jumatano, 12 Machi

Hila ya leo ilikuwa nzuri. Fomu niliikunja hadi ukabaki mstari wa saini tu, nikaichomeka kati ya karatasi za kliniki. Nikamwita Jiografia. Nikamwambia ni thibitisho la kwamba ananifahamu, atie saini hapo, mkono wangu ukiwa umelala juu ya karatasi kwa bahati tu.

Nilisahau huyu ni mtu wa namna gani. Hajawahi kusaini kitu bila kukisoma kwa sauti. Shuleni alikuwa akiwasomea watoto ramani kwa sauti. Aliuinua mkono wangu kwa upole kama wa maiti, akakunjua, akasoma kwa sauti ya darasani: natamka kwamba sijawahi kufundisha nje ya nchi yangu.

Chumba cha mbele cherehani ikanyamaza.

Nikasema ni utaratibu tu, kila mtu anasaini. Jiografia akaweka kalamu chini. Akasema hawezi kuthibitisha uongo, hata kwa mgonjwa. Nilikwenda ng'ambo, dunia nzima inajua, yeye mwenyewe alichangia koti. Kama kuna watu wananilazimisha niikane historia yangu, niwataje.

Binti akaingia na futi shingoni. Akasema baba, umechoka, lala kidogo. Akamnong'oneza Jiografia kwamba dawa mpya zinanichanganya.

Sijawahi kushtuka vile. Uongo wangu waliununua bila kuonja. Ukweli, hakuna anayeutaka.

Ikabidi niseme yote. Barua ya kufutwa, basi, kiwanda, pakiti za mbegu. Wakaendelea kunitazama kwa huruma. Basi nikaanza kuwasomea zile pakiti kutoka kichwani, kwa Kiingereza, mboga moja baada ya nyingine: kina cha kupanda, nafasi kati ya miche, siku za kuota. Kabichi. Bilinganya. Vitunguu. Nilipofika karoti, binti alikaa chini.

Jiografia akauliza taratibu: na ile baridi? Na yule mwalimu aliyepoteza vidole viwili vya mguu? Na wanafunzi wanaorusha viatu?

Nikasema hakukuwa na mwalimu wala vidole.

Ndipo alipomgeukia binti yangu na kumwambia jambo nililoomba awe amelisahau. Mwaka uliofuata kurudi kwangu, naye alipata barua ya kwenda kufundisha nje. Alikuja kwangu kuniomba ushauri, kwa kuwa mimi ndiye niliyefika. Nilimwambia habari za vidole. Akairudisha barua yake. Amefundisha dunia nzima kwa ramani ya ukutani hadi akastaafu, na hajauona hata mto mmoja kati ya ile aliyoichora ubaoni.

Akaniuliza kwa nini.

Nikasema niliogopa. Ungefika huko nje ungeulizia habari zangu, siri ingefichuka.

Alitikisa kichwa. Alisema woga anaujua, hata yeye angefanya hivyo. Maneno yake hayohayo. Akasoma fomu tena, kwa sauti ya chini, akatia saini. Kwenye wasifu ameacha mstari wazi. Atanijazia nikirudi.

Binti alirudi kwenye cherehani. Ameshona upande mmoja wa sketi mara mbili, halafu akapaza sauti kutoka huko kuuliza nani atanikumbusha dawa za asubuhi huko tambarare kwao.

Alhamisi, 13 Machi

Fomu imepelekwa. Binti ameipeleka mwenyewe, amezipanda zile ngazi, amerudi na habari kwamba wakala anasema nimepita. Hakunipongeza. Amenipima kiuno, akasema nimepungua inchi mbili, akakata kitambaa cha suruali mbili za darasani. Huko ndiko kunisamehe kwake, nadhani.

Saa nne akaja Jiografia. Amevaa tai. Viatu vimeng'arishwa. Mkononi fomu kama ile yangu.

Wakala amemwambia bado kuna nafasi moja, shule hiyohiyo. Ana sabini na sita. Magoti yanamsumbua, lakini kule hakuna ngazi. Hajawahi kufundisha nje, na mtu aliyemfahamu miaka thelathini ni mimi. Alisema tutakaa nyumba moja, tutagombania chai. Alisema kuna mto unapita nyuma ya shule, ameutafuta kwenye ramani jana, ameuona. Akauliza nionavyo mimi, nchi yenyewe inafaa?

Kalamu nilikuwa nimeshaishika.

Nikasikia mtu anasema kwamba shule imeniandikia. Kwamba upepo wa kule una tabia ya kuingia magotini. Kwamba mwaka jana mwalimu mstaafu alirudishwa kwa machela. Kwamba ule mto una nyoka. Sauti ilikuwa yangu, tulivu, yenye uzoefu, sauti ya mtu aliyefika.

Nilingoja acheke. Hakucheka. Alitazama magoti yake. Baada ya yote ya jana, aliniamini. Sijui nani kati yetu alishtuka zaidi.

Alikunja fomu mara mbili, akaitia mfukoni. Akasema basi nenda wewe, ndugu yangu, moyo wako una haraka kuliko magoti yangu, utatuletea habari. Akanishika bega. Binti akamsindikiza hadi mlangoni, nikamsikia akimwambia asikate tamaa, pengine mwaka ujao watapata nchi yenye upepo wa wastani.

Ningeweza kumwita. Alikuwa bado anateremka barazani, polepole, akishika ukuta. Nilifunika kalamu.

Na kwa kuwa shajara hii haisomewi mtu, niandike lililobaki. Jana nilimdanganya tena. Barua yake ya mwaka ule niliisoma kwa macho yangu, aliniletea mwenyewe. Hakupangiwa nchi ile niliyodai nimetoka. Alipangiwa nchi nyingine, upande wa pili wa dunia, ambako hakuna mtu angeweza kumwambia lolote juu yangu. Nililijua hilo kabla sijafungua mdomo. Nilimzuia kwa sababu yeye alikuwa anakwenda kweli.